Milio Miwili kutoka Kanyosha

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Siku kubwa! Nimepanda cheo. Bado kidogo, lakini ni kama nimepanda.

Asubuhi patroni wetu, Mzee Huseni, aliingia biro, ofisini kwetu, na uso wa wivu. Jirani yake wa hapa hapa mtaani Asiatique, ambaye naye hutoa mizigo ya watu bandarini kama sisi, ameunganisha kompyuta yake na telefoni. Karatasi za mizigo zinatoka Dar es Salaam zenyewe na kuingia kwenye kompyuta yake. Sisi bado tunangoja faksi inayotafuna nusu ya kila ukurasa. Mzee akauliza nani hapa anajua mambo hayo. Landry, msaidizi wa mhasibu, akafungua mdomo. Mi nikainua mkono kabla hajavuta pumzi. Nikasema najua. Nikasema hata usingizini naweza.

Sijui kitu. Modemu, kile kisanduku cha kuziunganisha, sijawahi kukigusa. Lakini Landry naye hajui, na kati ya wasiojua wawili, heri aliye mwepesi.

Mzee akasema nikifaulu kabla ya Jumamosi, nitakuwa shefu, mkuu wa mambo yote ya kompyuta, mwenye chumba chake, mlango na feni. Kwa sasa nakaa kati ya faksi na choo. Mlango! Nimekwisha mwambia mke wangu Elsa kwamba cheo nimepata. Amekwenda kuwaambia wanakwaya. Wote.

Jumanne, 9 Novemba

Modemu nimeipata kwa Murhula, yule wa Bukavu anayeuza vitu vya umeme nyuma ya soko. Kisanduku cha kijivu chenye macho mekundu. Murhula ameapa kwa jina la mama yake kwamba kinatoka kwa Wazungu wa misaada na hakijawahi kumwangusha mtu.

Telefoni yetu iko hivi. Kuna laini mbili kutoka nje. Zote zinaingia kwenye standadi, lile sanduku la taa na vitufe analokaa nalo Mama Dative pale mlangoni. Kila meza ina namba yake fupi ya ndani. Ukitaka kupiga nje, lazima ubonyeze sifuri kwanza. Meza ya patroni ni 22.

Nikachomeka modemu kwenye telefoni ya meza yangu, nikaiagiza ipigie ile ya dukani kwa Murhula ili tujaribu. Namba ya Murhula inaanza na 22. Sifuri nikaisahau.

Mzee Huseni akainua telefoni, akapigiwa mluzi sikioni. Kriiii! Nilimsikia kupitia ukuta: Halo! Halo! Dar? Akakata. Modemu haijui kukata tamaa, ikampigia tena. Na tena. Mwishowe akatoka nje ameshika sikio, akauliza ni mshenzi gani anayempigia miluzi.

Landry hupiga miluzi akifanya hesabu. Kila mtu anajua. Sikusema neno. Nilimtazama Landry tu. Kutazama si kusema.

Amri imetoka: miluzi marufuku. Landry ameinama juu ya hesabu zake mpaka jioni, midomo imekauka. Naona haya. Haya ndogo, ya kulala nayo.

Jumatano, 10 Novemba

NIMEFAULU!

Wazo lilinijia nikinyoa ndevu. Adui si modemu, adui ni standadi. Iondoke katikati! Laini ichukuliwe moja kwa moja ukutani.

Lakini laini ipi? Ya pili ni ya faksi na wateja. Mzee amesema atakayeigusa atafute kazi kwingine. Ya kwanza ni ya zamani, haina mteja hata mmoja. Inatumika kwa ile desturi ya asubuhi tu. Wafanyakazi wenye jamaa pembeni, Kanyosha na Kinama, huko ambako bunduki hazilali, wamepatana hivi na watu wao: ukiamka mzima, nenda dukani penye telefoni, piga biro, iache ilie mara mbili, kata. Hakuna kuongea, hakuna kulipa. Maana yake: tumeamuka.

Kila familia ina saa yake, na Mama Dative anazijua zote. Mama yake mzazi, mama mzee Caritas wa Kanyosha, hupiga chai ya patroni inapoingia. Mara mbili, kimya. Mama Dative haigusi. Anaweka mkono kifuani, anasema Imana ishimwe, Mungu asifiwe, ndipo anaanza kazi. Baadaye wanapiga wa Kinama, naye anamwita Landry: bibi yako ameamuka. Hata wenye maduka ya jirani wanakuja kuuliza habari zao. Mi sina mtu pembeni. Watu wangu wako Ngozi, hawana telefoni. Kwangu mimi ni kelele tu. Laini inayolia bila mtu kusema kitu, si imekaa bure hiyo?

Mama Dative alipokwenda kula, nikaingia chini ya meza yake. Nikaunga waya mwembamba kwenye laini ya kwanza kabla haijaingia standadi, nikaupitisha nyuma ya kabati, nikauchomeka kwenye modemu. Modemu nikaifungia ndani ya kabati, Landry asije akaiba utukufu. Murhula amenifundisha kuiagiza ijibu yenyewe, ili Dar wakipiga ipokee bila mtu. Nikamuuliza, na watu wakipiga? Akacheka. Akasema mashine inajua kutofautisha mutu na mashine, ya watu itaiacha ilie kama kawaida.

Alasiri Dar wakapiga. Macho mekundu yakacheza. Karatasi za mizigo zikaingia, nzima, hazikutafunwa! Mzee Huseni akanikumbatia mbele ya watu wote. Alhamdulilahi, akasema, Valéry ni mwanangu. Landry alitaka kupiga mluzi, akakumbuka.

Alhamisi, 11 Novemba



Jana usiku bunduki zilisema sana upande wa milima ya Kanyosha. Hata sisi huku mjini tuliweka magodoro chini. Asubuhi Mama Dative alifika biro wa kwanza. Hakuvua hata kitambaa cha kichwani. Akakaa mbele ya standadi, mikono magotini.

Chai ya patroni ikaingia. Kimya.

Mi nilikuwa kwenye kabati, najifurahisha na mashine yangu. Nikaona jicho jekundu likiwaka, likacheza, likazima. Nikafurahi! Nikatangaza kwa sauti kwamba Dar wameanza kazi mapema. Nikatazama kompyuta. Hakuna karatasi. Jicho likawaka tena, likazima. Likawaka tena. Dar gani hii isiyoleta kitu?

Halafu nikaelewa. Si Dar. Murhula amenidanganya, mashine hii haitofautishi mtu na kitu. Inajibu mlio wa kwanza, haraka, kabla hata standadi haijajua. Yule aliyekuwa ndani ya kabati langu alikuwa mama mzee Caritas. Alikuwa akimwambia mtoto wake ameamuka, na mi nilikuwa nimesimama pale nikimwita Dar.

Ilikuwa rahisi. Kung'oa waya, kusema: Mama Dative, samahani, mama ni mzima, amepiga, ni ujinga wangu. Sekunde moja! Lakini papo hapo mlango ukafunguka, Mzee Huseni akaingia na yule jirani yake kumwonyesha mashine. Huyu ni mwanangu Valéry, akamwambia, ni shefu wangu wa kompyuta. Nikafunga kabati. Nikatabasamu. Eh Mungu wangu, nilitabasamu.

Mama Dative akaomba ruhusa ya kwenda Kanyosha. Mtu aliyekuja kutoka kusini akasema barabara imefungwa darajani, askari hawapitishi mtu. Akarudi kukaa. Ya Kinama nayo haikulia, na Landry hakuomba ruhusa, alitoka mbio kwenda Kinama bila koti.

Nikamwendea Mama Dative. Nia yangu ilikuwa kusema kweli, naapa. Kinywa kikasema kingine. Kikasema kwamba kwa utaalamu wangu, inaonekana telefoni za Kanyosha zote zimekufa tangu usiku, kwa hiyo kimya si dalili mbaya. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema Mungu akubariki, mutoto wangu, umeniondolea mzigo.

Aibu! Aibu hii hailali, inakaa kitandani katikati yangu na Elsa. Kabla ya kutoka biro niliuchomoa waya kwenye modemu, laini ikarudi kwa standadi. Lakini jioni hakuna anayepiga.

Ijumaa, 12 Novemba

Sikujua kwamba modemu ikijibu, yule wa upande wa pili anasikia kila kitu. Nimejua leo.

Patroni alikuwa amekwenda sala ya Ijumaa. Tuliobaki hatukuwa tukifanya kazi. Laini ilikuwa imerudi, ya Kinama imelia mara mbili, lakini ya Kanyosha hata kidogo. Mama Dative alikuwa hajala tangu jana. Mara mlangoni akatokea mama mzee Caritas mwenyewe. Tope mpaka magotini. Kitambaa cha msiba kiunoni. Nyuma yake wanawake wa mtaa wao, na vichwani mwao sufuria za maharage, ndizi, na chupa za bia ya ndizi zilizozibwa kwa majani. Walikuwa wamekuja kilioni.

Mama Dative akasimama. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amekwisha mzika mwenzake moyoni. Halafu wakaangukiana pale pale juu ya standadi, taa zote zikawaka kwa pamoja, na biro nzima ikalia. Hata mi nililia, na mi ndiye niliyekuwa na sababu mbaya kuliko wote.

Alipopata pumzi, mama mzee akasimulia. Jana alipiga kama kawaida. Badala ya kulia mara mbili, telefoni ikafunguka, na ndani yake kilio! Akapiga tena, kilio tena. Mwenye duka akasikiliza naye, akakubali kwamba hao ni watu wanateketea. Basi biro imepigwa, Dative amekufa, hakuna aliyebaki wa kusema halo. Akawakusanya jirani zake, wakapika. Darajani askari wakawazuia, akawaambia anakwenda kumzika mtoto wake, nao wakavua kofia wakampisha. Njia nzima, akasema, alikuwa akimwomba Mungu jambo moja tu, amkute mtoto wake mzima mzima, si vipande.

Mama Dative akauliza kilio chenyewe kilikuwaje. Mama mzee akafumba macho, akakitoa: Kriiiii! Shhhh! Ng'ang'ang'a-kriii!

Hakukosea hata kidogo. Na wakati huo huo Mzee Huseni alikuwa anaingia kutoka msikitini. Akashika sikio. Akasema wallahi, ni ule ule mluzi wangu wa Jumanne! Landry akainua kichwa kutoka kwenye hesabu. Huyu ameteseka siku tatu bila kupiga mluzi. Akanitazama. Kutazama si kusema, lakini wote wakatazama alikotazama yeye.

Nikafungua kinywa kuungama. Kikasema panya.

Panya! Kwamba panya wametafuna nyaya chini ya sakafu, nyaya zikagusana, na zikigusana hulia hivyo. Kwamba mi mwenyewe nimezitengeneza jana jioni bila kumsumbua mtu. Mzee akasema mashaallah. Mama mzee akanitazama kwa huruma, akasema kijana huyu amechoka, apewe chakula.

Wakapakua. Maharage ya kilio cha mtu aliye hai. Matamu, yametiwa mawese ya kutosha. Nikaongezewa sahani ya pili. Nikaila. Nitasema nini zaidi.

Jumamosi, 13 Novemba

Paka ameletwa. Wa kijivu, mnene, kutoka msikitini. Kazi yake ni panya wangu.

Asubuhi laini ikalia. Mara mbili. Kimya. Mama mzee Caritas alirudi kwake jana alasiri barabara ilipofunguliwa, na leo ameamuka. Mama Dative akaweka mkono kifuani, Imana ishimwe. Miaka yote nimeisikia milio hiyo, leo ndiyo mara ya kwanza nimeisikiliza. Nikaenda chooni kulia tena.

Saa sita patroni akatukusanya, akatangaza: Valéry, shefu wa kompyuta. Wakapiga makofi. Landry alipiga polepole. Nikasimama nikiwa nimeamua kabisa kusema kila kitu. Nikasema asante.

Chumba ni ile stoo ya zamani. Mlango upo. Feni haizunguki. Paka amekwisha chagua kiti changu.

Jumapili, 14 Novemba

Kanisani wanakwaya wamenipongeza mmoja mmoja. Elsa amevaa kitenge kipya. Nikashindwa, nikaenda kuungama kwa padri. Nikasema nimesingizia panya. Padri akauliza panya walidhurika vipi. Nikasema kuna paka. Akauliza kama kuna mtu pia. Nikasema kuna mwanamke. Akauliza mwanamke gani. Nikaona watu wamepanga foleni nyuma yangu, nikasema dhambi imeisha.

Jumatatu, 15 Novemba

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imeishia kwa paka.

Nilimkuta Mama Dative amesimama mbele ya kabati lililo wazi. Ndani, paka amelala juu ya modemu, maana hupata moto kidogo. Modemu niliiacha inawaka, nami nilidhani yote nimemaliza. Na nyuma ya kabati, ule waya wangu mwembamba, unakwenda mpaka chini ya meza yake. Akaufuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho. Mimi nikayafuata macho yake.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akasema, Valéry, usiku mi simwombi Mungu vitu vingi. Si nyumba, si gari. Namwomba milio miwili. We uliifungia kabatini, halafu ukanishika mkono.

Nikaanza kusema samahani. Akasema apana, si kwake. Niende Kanyosha nikamwambie mama mwenyewe, kwa mdomo wangu. Kwa patroni yeye hatasema kitu. Cheo nibaki nacho, kama kinanitosha. Mchana akaenda kwa Mzee, akamwomba modemu ihamie kwenye laini ya faksi, saa za jioni tu. Mzee akakubali mara moja. Kumbe lilikuwa jambo la kuomba tu.

Landry amepiga mluzi leo, wimbo mzima. Hakuna aliyemkataza.

Jumanne, 16 Novemba

Nimekwenda Kanyosha. Barabara shwari, watu tu wakirudi makwao na vitu vyao vichwani. Mama mzee alikuwa akichambua maharage mlangoni. Nikapiga magoti kwenye vumbi, suruali ya ushefu na yote. Nikamwambia. Si panya, ni mi. Safari hii kinywa kilitii.

Akaendelea kuchambua maharage yake. Niliona bora anipige na ungo. Mwishowe akasema hana hasira na mashine, mashine haina mama. Akasema kilichomuumiza njiani siku ile si miguu. Ni kwamba alipiga na kupiga, na hapakuwa na hata sauti ya mtu mmoja ya kumwambia: mama, mutoto wako ni muzima. Sauti tu ya mtu. Angerudi nyumbani akalala.

Akanifungia maharage nimpelekee Elsa. Nimelia njia nzima mpaka mjini. Sitamdanganya mtu tena. Sitagusa tena kitu nisichokijua. Nimeapa, na safari hii naandika ili isibaki maneno matupu.

Jumatano, 17 Novemba

Usingizi haukuja. Maneno ya mama mzee yalizunguka kichwani, sauti tu ya mtu, sauti tu ya mtu. Na asubuhi, nikinyoa ndevu, nikaelewa alichokuwa akiniomba!

Nimekwenda moja kwa moja kwa Murhula. Anayo. Mashine ndogo nyeusi yenye kanda ndani. Telefoni ikilia mara moja tu inajibu yenyewe, haipigi mluzi hata kidogo, inasema kwa sauti ya mtu neno lolote ulilolirekodi. Kila apigaye atajibiwa, mapema au usiku, biro ina watu au haina. Ameapa kwa jina la mama yake.

Nimejifungia chumbani kwangu, nikarekodi. Nilirudia mara nyingi mpaka ikawa nzuri, yenye upole: Halo mama. Hapa biro wote tumeamuka, mutoto wako ni muzima, usiogope. Paka alisikiliza mpaka mwisho bila kutikisika.

Kesho nitaingia kabla Mama Dative hajafika, niiunganishe kwenye laini ya kwanza. Sitamwambia kitu. Nataka ashangae.